Mhusika si orodha ya sifa

Kila muhula insha za tamthilia ya Kinjeketile, ile ya nabii wa Vita vya Maji Maji, zinakuja na mstari uleule: "Kinjeketile ni jasiri, ni mzalendo, ana msimamo." Sifa tatu, dondoo tatu, ukurasa umejaa. Swali liliuliza mwandishi amemjengaje mhusika. Haya, wageni wa darasa la tamthilia, tuelewane mapema.

1. Someni maelekezo ya jukwaani. Mnayaruka kwa sababu yamo kwenye mabano, na humo ndimo tunamoambiwa nani katetemeka na nani kanyamaza.

2. Kila mhusika apewe karatasi yake yenye safu nne: anachosema, anachotenda, anachosemwa, kilichombadilisha. Andika na namba ya ukurasa, la sivyo usiku wa kuamkia mtihani utafukua kitabu kizima.

3. Hapa ndipo mnapoangukia wengi, kwa hiyo tukae kidogo. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969, Kinjeketile akiwa amepandwa na pepo Hongo anawaahidi watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, na anawataka wawe kitu kimoja. Mwanafunzi anapiga mstari hapo, anaandika "shujaa", anafunga kitabu. Ndugu yangu, umeacha nusu ya maneno! Mlemle kwenye kupagawa limo lile la kuwa wana wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Akishazinduka, hilo ndilo linalomchoma: tumtoe bwana huyu ili tumpokee mwingine? Imani yake inapasuka. Anataka watu wasubiri, wajiandae, lakini wameshalishika neno na hawasikii la mtu. Kuanzia hapo nabii na mtu ni wawili, na kila tukio linawavuta huku na huku. Sasa mtazame kifungoni, baada ya kushindwa vita. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, yeye aliyeyatilia shaka mapema! Ukiandika "ana msimamo" hapo, tamthilia nzima imekupita. Anakataa kwa sababu kukiri kungewaambia watakaozaliwa kwamba waliopigana walipigania upuuzi. Sababu hiyo ndiyo hoja yenyewe. Basi mfuate kwa hatua: kabla ya kupandwa na Hongo, baada ya kuzinduka, kifungoni. Kila hatua useme nini kimemsukuma kwenda inayofuata.

4. Msimwache Kitunda, mwenzake Kinjeketile. Shaka ya Kinjeketile ingebaki moyoni, hadhira isiione, kama pasingekuwa na mtu wa kumwuliza maswali. Mkimwita "rafiki wa mhusika mkuu" mkaishia hapo, hamjaeleza kazi yake.

5. Historia isiwavamie. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, na boma la Wajerumani la Mahenge, vita vikiendelea bila yeye, lilishambuliwa tarehe 30 mwezi huohuo. Yule wa jukwaani yu hai hadi watu wake wameshashindwa. Hussein mwenyewe anatahadharisha kwenye utangulizi kwamba mhusika wake ni wa kisanaa. Wanaomsahihisha mwandishi kwa tarehe wanapoteza hoja nono: amemwongezea siku ili aishi na matokeo ya neno lake, na mtu wa kumdai jibu awepo.

6. Dondoo, mistari miwili inatosha. Ukinakili nusu ukurasa wa majibizano, msahihishaji anaruka moja kwa moja kwenye maelezo yako, na mara nyingi anakuta sentensi moja: "Hii inaonyesha ujasiri."