Kidakuzi kimewekwa, mbona skripti haikioni?

Ndugu, umeeleza kwamba skripti yako ya PHP inaweka kidakuzi (cookie, yaani kipande kidogo cha data ambacho kivinjari huitunzia tovuti) kwa setcookie(), kisha mstari unaofuata ukisoma $_COOKIE unakuta patupu, ilhali ukiufungua ukurasa upya thamani inaonekana. Seva yako ni nzima. Kupitia $_COOKIE, skripti husoma vidakuzi vilivyokuja na ombi lililokwisha kufika, ilhali setcookie() huandika tu agizo la Set-Cookie katika jibu ambalo bado halijaondoka. Kivinjari hulipokea agizo hilo, hukihifadhi kidakuzi, na katika ombi linalofuata ndipo hukirudisha. Ukiihitaji thamani papo hapo, itumie kutoka kwenye kigeu (variable) ulichokuwa nacho kabla ya kuiweka.

Mimi nilikwama pabaya zaidi, nilipokuwa nikitengeneza tovuti ya chama kimoja cha akiba na mikopo huku Arua, Uganda, ambako mwanachama alipaswa kuchagua Kiswahili, Kilugbara au Kiingereza. Kidakuzi nilikiita lugha.mwanachama. Nilishinda mchana kutwa nikisoma $_COOKIE['lugha.mwanachama'] bila kupata kitu, na hali zana za kivinjari zilinionyesha wazi kwamba ombi limebeba lugha.mwanachama=sw. Jioni nikaandika print_r($_COOKIE), na hapo nikaona [lugha_mwanachama] => sw. PHP hugeuza nukta iliyo katika jina la kidakuzi kuwa mstari wa chini, wala haitoi onyo lolote. Tangu siku ile majina ya vidakuzi vyangu ni herufi, tarakimu na mstari wa chini tu.

Hata baada ya hapo, ukurasa wa /mikopo/ haukuiona lugha iliyochaguliwa kwenye /wanachama/chagua.php. Usipotaja njia (path) katika setcookie(), kidakuzi hufungwa kwenye saraka ya skripti iliyokiweka; nilipoandika "/" kama njia, kikasomeka tovuti nzima.

Jambo ninalokusihi ulichukulie kwa uzito ni hili: kidakuzi hukaa mikononi mwa mtumiaji, naye anaweza kukiandika upya apendavyo. Mfumo wa zamani niliourithi pale ulihifadhi namba ya mwanachama ndani ya kidakuzi na kuiamini. Nilibadilisha tarakimu moja tu, na salio la mtu mwingine likafunguka mbele yangu. Hizo ni akiba za watu wanaouza mihogo sokoni, na nilishindwa kulala mpaka nilipouondoa. Sasa kidakuzi kinabeba kitambulisho cha kikao (session ID) tu, kirefu na cha nasibu kisichoweza kukisiwa, na namba yenyewe inakaa kwenye seva; nacho kina HttpOnly ili JavaScript isikisome, na Secure ili kisipite nje ya HTTPS. Hata lugha, mimi huilinganisha kwanza na orodha ya lugha tatu kabla ya kuitumia.

Ukiona bado patupu, tuwekee hapa matokeo ya print_r pamoja na mstari wa Cookie kama kivinjari kinavyouonyesha, ila futa kwanza kitambulisho cha kikao.