Simbilisi mgeni kajibanza kwenye kona

Dada, umeuliza kwa nini simbilisi uliyemnunulia mwanao hapo Makorora ana siku ya pili hatoki kwenye kona ya banda. Woga tu huo, mgeni yeyote huona haya. Mtilie boksi la kadibodi lenye tundu la kuingilia, nyasi kavu tele na maji, halafu watoto wamwache siku tatu nne bila kumshika. Wewe kaa karibu, mpe ukoka kwa mkono. Wangu alichukua wiki nzima; sasa akisikia mfuko wa mboga unachakarika anapiga miluzi nyumba nzima!

Ila asipokula kabisa siku moja, usingoje, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni joto letu la Tanga. Ikizidi nyuzi 30 anaweza kufa, kwa hiyo banda lisikae juani wala chumba cha bati kisicho na dari. Barazani kivulini panafaa, mradi paka asifike.

Hoho kipande kila siku: mwili wake hautengenezi vitamini C. Na mtafutie mwenzake, jike kwa jike, la sivyo utafuga ukoo.