Maswali ya Wasomaji: Kuhesabu Boliti kwa Mizani ya Magunia

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nina duka la vifaa Gerezani, Dar es Salaam, na wateja wangu wakubwa ni mafundi wanaounda mabodi ya malori, ambao hununua boliti kwa mamia na kwa maelfu. Kwa miaka mingi vijana wangu walizihesabu kwa mkono, tano tano, kazi iliyotumaliza nusu siku. Mwaka huu nilinunua kitanga kidogo cha kuning'iniza kwenye ncha ya mkono wa mizani yangu ya jukwaa ya kilo 300, ile ya zamani ya mawe. Aliyeniuzia aliniambia kwamba boliti moja kitangani ni sawa na boliti mia moja jukwaani, na kwa wiki mbili tulikitumia bila malalamiko yoyote. Juzi mteja aliyechukua boliti 1,000 za milimita 6 alirudi na boliti 61, akasema zimezidi na yeye hakuzilipia. Ninamshukuru kwa uaminifu wake, lakini sijui ni wangapi ambao hawakurudi. Nimepima boliti 10 za aina hiyo kwa mizani ya sonara jirani yangu nikapata gramu 80. Mizani yenyewe haijaanguka wala haijafunguliwa, isipokuwa ndoano ya kitanga ilikatika Jumamosi nikaweka nyingine ya waya mnene zaidi. Je, kifaa hiki kinahesabu kweli, au nimeuziwa kiini macho?

Mwenye duka, Gerezani

JIBU

Ndugu yangu, hukuuziwa kiini macho, ila uliambiwa nusu tu ya maelezo. Kitanga hicho hakihesabu kitu chochote. Kinacholinganisha ni mizani, na inalinganisha uzito wa boliti chache zilizo upande mmoja na uzito wa boliti nyingi zilizo upande wa pili, kisha ni wewe unayehesabu zile chache na kuzidisha. Chochote kinachoongeza uzito upande wa kitanga bila kuwa boliti kitazidishwa pamoja nazo, na kosa lako limejificha katika sentensi uliyoiandika kama jambo la kupita, yaani ile ya ndoano.

Tupige hesabu. Boliti 61 za gramu 8 zina uzito wa gramu 488. Ukigawa kwa 100, kwa kuwa uwiano wa kitanga chako ni mmoja kwa mia, unapata gramu 4.88. Ndoano mpya, basi, inaizidi ya zamani kwa gramu zisizofika tano, uzito ambao kiganja hakiutambui, na kwa kuwa hukusawazisha mizani upya baada ya kuibadilisha, jukwaa lilidai karibu nusu kilo ya boliti zaidi kabla ya mkono kutulia katikati. Hasara hiyo ungeipata kwa kila mteja, awe amechukua boliti 200 au 5,000, kwa sababu kosa la ndoano halikui pamoja na oda. Kwa hiyo walioumiza duka lako zaidi ni wale wa oda ndogo ndogo, waliokuwa wengi tangu Jumamosi, wala si yule mmoja wa elfu moja.

Dawa yake ni rahisi. Kila asubuhi, na kila unapogusa kitanga, ndoano au mnyororo wake, weka ndoo tupu jukwaani, acha kitanga kitupu kikiwa kimening'inia mahali pake, rudisha jiwe la kuteleza kwenye sifuri, kisha zungusha kile kizani cha kusawazishia kilicho nyuma ya mkono mpaka mkono uelee katikati bila kugusa juu wala chini. Boliti mpya huja na mafuta, na mafuta hayo hubaki kitangani pamoja na vumbi la chuma, kwa hiyo kifute kwa kitambaa kabla ya kusawazisha. Gramu moja ya uchafu kitangani ni gramu 100 jukwaani, yaani boliti 12 na ushei.

Sasa kuhusu uwiano wenyewe, ambao ninakushauri usiupokee kwa maneno ya muuzaji. Mizani za jukwaa za aina yako zinatokana na ubunifu wa karne ya 19: Alois Quintenz wa Strasbourg alitengeneza mizani ya uwiano wa moja kwa kumi katika miaka ya 1820, na Thaddeus Fairbanks wa St. Johnsbury, jimboni Vermont, Marekani, alipata hataza ya mizani yake ya jukwaa mwaka 1831, baada ya kuchoshwa na kupima mikokoteni iliyojaa nyuzi kwa kuinyanyua na minyororo. Kanuni yao ni ile ile ya wenzo, yaani mtaimbo unaonyanyua mzigo mzito kwa nguvu ndogo: nyenzo zilizo chini ya jukwaa hupunguza mzigo hatua kwa hatua, hata kilo 100 zinapofika kwenye ncha ya mkono huwa zinazuiwa na kilo moja. Ndiyo maana jiwe lililoandikwa kilo 50 unaweza kulibeba kwa vidole viwili. Lipeleke jiwe hilo kwa jirani yako sonara. Likiwa na gramu 500, uwiano wa ncha ya mkono wako ni 1 kwa 100 na muuzaji alisema kweli. Likiwa na gramu 1,000, uwiano ni 1 kwa 50, na kila hesabu uliyoifanya ilikuwa mara mbili ya idadi halisi, jambo ambalo wateja wako bila shaka wangekuwa wamelisema kwa sauti kubwa.

Ukishaujua uwiano wa ncha, unaweza kuongeza kitanga cha pili, na hapa ndipo kifaa hiki kinapoanza kulipa gharama yake. Pima umbali kutoka kwenye egemeo la mkono, yaani pale unapobembea, hadi kwenye ncha inayobeba kitanga. Tuseme ni sentimita 60. Kitanga kingine kikining'inizwa sentimita 6 kutoka kwenye egemeo, upande ule ule, kitakuwa na uwiano wa 1 kwa 10. Fundi akikosea milimita moja hapo, kitanga cha kumi kitapotoka kwa zaidi ya asilimia moja na nusu, kwa hiyo kazi hiyo asifanye mtu wa kukadiria kwa macho. Ukiwa na vitanga viwili unaweza kuujua mzigo usiojulikana idadi yake: unaweka boliti moja moja katika kitanga cha mia mpaka ile inayofuata inazidisha, tuseme zimeingia 7, kisha unaendelea katika kitanga cha kumi, tuseme zimeingia 4, na jukwaani zimebaki takriban boliti 740. Usisahau kwamba zile 11 za vitangani nazo ni bidhaa. Ikiwa ulizichota katika mzigo huo huo, mzigo wote ni 751. Kuna vitanga vinavyotengenezwa kwa uwiano wa 1 kwa 99 na 1 kwa 9 kwa sababu hiyo hiyo, ili boliti ya kitangani ikijumlishwa na wenzake wa jukwaani ipatikane mia kamili au kumi kamili. Na anayenunua kitanga cha 99 akidhani ni cha mia atapunja wateja boliti moja katika kila mia bila kujua. Muulize aliyekuuzia.

Usitarajie, hata hivyo, usahihi wa boliti moja. Mizani ya kilo 300 iliyotumika miaka mingi mara nyingi haitikisiki kwa chini ya gramu 50 au 100, kwa sababu ya kutu na kuchakaa kwa visu, yaani makali ya chuma yanayobeba nyenzo zake, na gramu 100 ni boliti zako 12. Jaribu mwenyewe: mkono ukiwa umetulia, ongeza boliti moja moja jukwaani uone ni ya ngapi inayouinua. Idadi hiyo ndiyo mpaka wa kifaa chako, na kinachobaki chini ya mpaka huo kihesabiwe kwa mkono.

Kosa jingine ni la mazoea, nami nimeliona katika maduka zaidi ya moja. Vijana huchagua boliti kumi nzuri, huziweka kwenye kopo, na kuzifanya kuwa mawe ya kudumu ya kitanga. Shehena inayofuata inatoka kiwanda kingine, boliti ni za milimita 6 zile zile na urefu ule ule, lakini kichwa ni chembamba kidogo na kila moja ina gramu 7.8. Boliti kumi za zamani zenye gramu 80 zitadai gramu 8,000 jukwaani, nazo ni boliti 1,025 za shehena mpya. Boliti za kitangani zichotwe kila mara katika gunia linalouzwa, za juu, za kati na za chini, na ziwe nyingi kadiri inavyowezekana. Kwa oda ya boliti 200, boliti 20 katika kitanga cha kumi ni bora kuliko boliti 2 katika kitanga cha mia, kwa kuwa tofauti ndogo za boliti moja na nyingine humezana zinapokuwa nyingi, na pia kosa la ndoano au la uchafu linazidishwa mara kumi tu badala ya mara mia. Kama ungekuwa na mazoea hayo, ndoano yako nzito ingekugharimu boliti 6 tu.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Mizani inayotumika katika biashara Tanzania huhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Usikubali fundi yeyote atoboe mkono, akate lakiri, yaani muhuri wa uhakiki, au ahamishe kizani kilichofungwa ili kitanga kikae vizuri, na kama mkono umeshaguswa kwa namna hiyo, mizani ihakikiwe upya kabla ya kupimia mteja. Kitanga kinachoning'inizwa na kuondolewa bila kugusa kitu kingine hakina shida hiyo, ila ukikiondoa ili upime misumari kwa kilo, sawazisha tena, la sivyo mteja wa misumari ndiye atakayelipa.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Karakana yetu ya kushona sare iko Thika, Kenya. Tuna mizani ya jukwaa ya kielektroniki ya kilo 150 inayosoma kwa hatua za gramu 20, na tumeambiwa tununue mizani ndogo ya kuunganisha nayo kwa waya ili tuhesabu vifungo vya mashati. Kifungo kimoja kina takriban gramu 0.4. Je, tutapata faida?

JIBU

Kazi ya mizani hiyo ndogo ni kujua uzito wa kifungo kimoja kwa usahihi ambao jukwaa haliwezi kuufikia. Unaweka vifungo 100 juu yake, unakiambia kioo cha kusomea namba kwamba ni 100, kioo kinagawanya, kisha mzigo mkubwa unawekwa jukwaani na kioo kinaonyesha idadi. Kuchukua sampuli hiyo jukwaani kungekuwa upuuzi, kwa kuwa vifungo 100 vina gramu 40, na mizani yenye hatua za gramu 20 inaweza kukosea hapo kwa robo nzima.

Tatizo lenu lakini liko mahali pengine. Hata uzito wa kifungo ukijulikana barabara, jukwaa lenu linaruka kwa gramu 20, na gramu 20 ni vifungo 50. Vifungo 10,000 vina kilo 4 tu. Kwa mzigo mdogo kiasi hicho, jukwaa ndilo linaloharibu hesabu, kwa hiyo nunueni mizani ndogo ya kuhesabia ya kilo 5 au 6 inayosoma gramu 0.1 au 0.2, mpime vyote juu yake, na fedha ya kuunganisha waya ibaki mfukoni. Sampuli iwe ya vifungo 400 badala ya 100: kama vifungo vinatofautiana kwa asilimia 2, sampuli ya 100 inaweza kupotosha hesabu ya 10,000 kwa vifungo 20 hivi, na ya 400 kwa vifungo 10. Mizani mbili zilizounganishwa zinafaa zaidi kwa mwenye kupima nati na boliti kwa magunia, kama ndugu yetu wa Gerezani siku atakapoachana na mawe.

SWALI

Mimi ni mbanguaji wa korosho, Mtwara. Je, kitanga cha kuhesabia kinaweza kunihesabia korosho zilizobanguliwa?

JIBU

Hapana, kwa kuwa korosho hazilingani, na kitanga hakina maana pasipo vitu vinavyolingana. Lakini katika soko lenu uzito na idadi vimekwisha kuunganishwa kwa njia nyingine: daraja la W320 maana yake ni korosho nzima nyeupe zinazofika kati ya 300 na 320 katika ratili moja, ambayo ni gramu 454, na W240 ni kati ya 220 na 240. Pima gramu 454 kwa mizani ndogo iliyohakikiwa, kisha uzihesabu kwa mkono.