Roketi Zikidondoka Kabla ya Shabaha, Usikimbilie Kuilaumu Simuleta

Wiki hii msomaji ameniandikia kwa uchungu. Kwenye misheni yake ya jangwani ndani ya DCS World, simuleta ya kurusha ndege na helikopta, joto likiwa nyuzi 35 za Selsiasi, roketi zisizoongozwa za Hydra zilikuwa zinatua pale pale alipotaka. Akaihamishia kwenye majira ya baridi, nyuzi 20 chini ya sifuri, asiguse kitu kingine, na roketi zikaanza kudondoka kabla ya shabaha. Anauliza kama simuleta ina hitilafu. Haina. Kilichobadilika ni hewa, na hili nimelisema mara nyingi mno kiasi kwamba nashangaa bado tunalirudia.

Hewa ya baridi ni nzito. Kwa shinikizo la kawaida la usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 15 ina kilo 1.225. Kwenye nyuzi 35 inashuka hadi kilo 1.146, kwenye 20 chini ya sifuri inafika 1.395. Kutoka joto lile hadi baridi ile ni nyongeza ya karibu asilimia 22, na ukinzani unaoikabili roketi unapanda kwa kiasi hicho hicho, ukiacha mabadiliko madogo yanayotokana na kasi ya sauti. Hydra 70 yenye injini ya Mk 66 inawaka kwa sekunde moja na kidogo tu, inafika karibu mita 700 kwa sekunde, basi. Kuanzia hapo ni chuma kinachopasua hewa bila kusukumwa na chochote.

Sasa hesabu, maana maneno matupu hayalengi shabaha. Chukua roketi iliyokwisha kuwaka: kilo 7, kipenyo milimita 70, kigezo cha ukinzani 0.6, kasi ya kuanzia mita 700 kwa sekunde. Ni makadirio ya kalamu na karatasi, si takwimu za kiwandani, lakini yanaonyesha jambo. Kwa umbali wa mita 1,500, roketi inashuka mita 27.5 kwenye joto na 28.8 kwenye baridi. Tofauti haifiki hata mili moja (mita moja kwa kila mita 1,000 za umbali). Kwa mita 3,000 inashuka mita 136.5 kwenye joto na 150.9 kwenye baridi, yaani tofauti ya mita 14 hivi, karibu mili 5. Na kwa kuwa roketi inafika ikiwa karibu imelala, kwenye ardhi tambarare hizo mita 14 za wima zinageuka kuwa karibu mita 200 za kupungukiwa. Umbali umeongezeka mara mbili, kosa la wima limeongezeka mara kumi na moja.

Kwa hiyo ukikosa kwa mita 1,500, baridi haina hatia. Tazama kampira ka mteleko, kale kanakoonyesha kama helikopta inateleza upande, kama kako katikati, tazama upepo, tazama kama ulifyatua pua ikiwa bado inacheza.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Katika DCS World, joto unaloandika kwenye kihariri cha misheni ni la usawa wa bahari. Kila mita 1,000 za kupanda, toa nyuzi 6.5. Kwenye uwanda ulio mita 1,500 juu, nyuzi 35 ulizoandika zimebaki 25 hivi. Isitoshe, mwinuko huo peke yake, kwa hewa ya kawaida, umeshapunguza densiti hadi 1.058, pungufu ya asilimia 14. Ni zaidi ya mara mbili ya athari ya kupandisha joto kutoka nyuzi 15 hadi 35. Watu wanabishana kuhusu kipimajoto huku mlima umesimama mbele yao.

Joto la fueli yenyewe nalo lina neno lake. Fueli yabisi ikiwa baridi inaungua polepole: msukumo unapungua, muda wa kuwaka unarefuka, na nguvu ya jumla inabaki karibu ile ile. Kasi ya mwisho haitofautiani sana. Tatizo liko mwanzoni, kwa sababu roketi inatoka kwenye podi ikiwa na mwendo mdogo zaidi, na upepo unapata nafasi ya kuigeuza pua. Simuleta nyingi hazihangaiki na jambo hili, basi usilitumie kama kisingizio.

Ukifyatua huku helikopta inaelea, ongeza hewa inayosukumwa chini na rota. Roketi inageuza pua kuelekea hewa inakotoka, kwa hiyo hewa inayotoka juu inainyanyua pua. Kwenye joto, rota lazima isukume hewa nyepesi kwa kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule. Kati ya nyuzi zetu mbili ni kama asilimia 10 zaidi. Ndiyo maana mtu anayeelea kwenye joto anapitisha shabaha mara mbili, kwa sababu ya hewa nyepesi na kwa sababu ya rota. Songa mbele kwa mwendo mzuri ndipo ufyatue.

Makombora ya kuongozwa yanaficha haya yote. Hellfire, inayofuata leza hadi shabaha, inajirekebisha, hivyo hutaona kosa la mita 200, utaona muda. Injini inazima mapema, kombora linateleza njia iliyobaki, na kwenye hewa nzito linapoteza kasi haraka. Kama kipima muda chako kinasoma jedwali lisilojali joto, kitafika sifuri kombora likiwa bado angani. Usiondoe leza. Wanaotumia TOW na HOT, makombora yanayoongozwa kwa waya, wasitarajie zawadi ya joto kwa upande wa umbali: waya wa TOW unaishia mita 3,750 hata hewa iwe nyepesi namna gani. Watakachopata ni kufika mapema kidogo.

Kujipima ni kazi ya nusu saa. Nakili misheni moja mara mbili. Badilisha joto peke yake. Shinikizo liwe lile lile, upepo na msukosuko viwe sifuri. Anza angani, urefu ule ule, mafuta yale yale. Fyatua roketi moja moja, si nyingi kwa mkupuo, kutoka mita 1,500, 2,000 na 3,000, kumi kwa kila umbali, kwa sababu mtawanyiko wa roketi zenyewe utakudanganya ukipima mbili tatu. Rekodi kwa Tacview, programu ya kurekodi na kuchambua safari, usome zilipotua, au zifuate kwa kamera ya silaha, kitufe cha F6. Angalia pia kasi: noti (maili za baharini kwa saa) 100 kwenye kipimo ni karibu noti 103 halisi kwenye nyuzi 35, na karibu 94 kwenye 20 chini ya sifuri. Ukizifumbia macho, utaipa hewa lawama zisizo zake.

Kurekebisha kunategemea helikopta. Kwenye UH-1H (Huey) au Mi-8, ambako unashusha alama ya kulengea kwa mili, baridi inadai namba kubwa zaidi: alama ikishuka, nawe ukiirudisha kwenye shabaha, pua inapanda. Wengi wanazungusha upande usio wao, halafu wanaapa kwamba fizikia imevunjika. Kwenye AH-64D acha mikono mfukoni. Apache ina vihisi vya hewa vinavyoilisha kompyuta ya silaha, na ukiongeza mili zako juu ya zake utakuwa umerekebisha mara mbili.

Kwa ndugu aliyeniandikia: kama unarusha Huey, ongeza mili 5 kwa mita 3,000. Kama bado zinadondoka kabla ya shabaha, sogea hadi mita 2,000, ambako tofauti ya joto lako na baridi yako haizidi mili 2, kisha nitumie faili ya Tacview.