Kwa Wewe Unayeanza Kupangia Wageni Safari za Lamu

Safari ya kwanza niliyopanga peke yangu niliipanga dakika kwa dakika. Saa moja chai, saa mbili boti kwenda magofu ya Takwa kisiwani Manda, saa tano kurudi, saa sita ngomeni, alasiri kijiji cha Matondoni kuwatazama mafundi wa majahazi, magharibi baharini kwa dau. Wageni walikuwa mume na mke, watu wazima, wamekodi nyumba nzima kijijini Shela pamoja na mpishi. Nahodha aliitazama karatasi yangu akasema, "Mwanangu, mwezi ni mpevu. Asubuhi hii maji yanatoka." Nikamjibu, "Baba, wageni wameshajiandaa." Tukaenda.

Tulipomaliza kuzunguka msikiti na lile kaburi lenye nguzo, mkono wa bahari tuliouingilia ulikuwa tope tupu na mizizi ya mikoko, boti imelalia ubavu. Tulikaa Takwa mpaka adhuhuri ikapita. Maji ya kunywa yalituishia. Yule mama alikaa chini ya mbuyu, kofia ameishusha usoni, hasemi neno. Ningefurahi kama angenigombeza.

Tangu siku ile sipangi lolote kabla ya kujua maji, na wewe anza hapo, kabla hata ya kukariri bei za vyumba. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana kuelekea saa kumi au kumi na moja, alfajiri na tena alasiri, na katikati ya asubuhi hupwa kabisa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa hiyo Takwa ya bamvua ni ya alasiri: ingia maji yakiwa bado yanajaa, toka kabla hayajageuka. Jedwali la maji utalipata kwenye simu, lakini mpigie nahodha usiku wa kuamkia safari, umuulize, kisha umsikilize. Yeye ndiye anayejua mahali fungu la mchanga lilipohamia.

Ukishaweka jambo moja la maji kwa siku, acha siku iliyobaki. Hapa vijana wengi hushikwa na hofu. Wanaona nafasi tupu kwenye ratiba kama deni, kwamba mgeni amelipa pesa nyingi kwa hiyo apewe mambo mengi. Huyu mgeni mambo mengi anayo kwao. Kwamba Mji wa Kale uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 ameshalisoma kabla ya kupanda ndege. Kinachomleta kwako ni asubuhi ambayo hakuna mtu anayemsubiri mlangoni na funguo za boti. Siku ya kufika nampokea uwanja wa ndege wa Manda, navuka naye hadi nyumbani, namwonyesha chumba na mpishi, naondoka. Sirudi mpaka kesho yake, labda aniite.

Mazungumzo ya kwanza kwa simu ndiyo kazi yenyewe. Usimuulize anataka kuona nini, atakutajia alichokiona kwenye picha. Muulize nyumbani kwake huamka saa ngapi. Muulize siku ya mapumziko hushika nini mkononi. Muulize anayesafiri naye huchoka na nini. Kisha nyamaza, mwache azungumze.

Bibi mmoja kutoka Marekani, mjane, aliniambia kwa kupitia tu kwamba mumewe alipokuwa hai, yeye bibi ndiye aliyekuwa akioka mkate kabla hakujapambazuka. Nililiandika. Alipofika, sikumpeleka popote siku mbili. Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, tulikwenda kwa mama mmoja wa mtaa wa Langoni anayepika mahamri ya kuuza. Unga ulikuwa umeumuka usiku kucha kwa tui na iliki. Bibi aliubonyeza kwa kidole, akatazama shimo linavyorudi polepole, akacheka peke yake. Mama akampa kibao na mpini wa kusukumia bila kusema kitu, hawakuwa na lugha moja. Alirudi asubuhi ya pili na ya tatu. Safari ya kisiwa cha Pate niliyokuwa nimeiweka akiba hatukuifanya, na hakuiulizia.

Lakini yule mama nilikuwa nimeshamwendea wiki nzima kabla. Nilimwomba ruhusa, tukakubaliana malipo yake, na tukakubaliana kuwa hakuna picha. Jiko la mtu si maonyesho. Usimwache mgeni atoe noti mbele ya watoto, malipo yapitie kwako na yawe kamili. Na kamisheni isikuchagulie nyumba. Nyumba inayokulipa zaidi ikiwa karibu na muziki na mgeni wako analala saa tatu, utampoteza.

Misimu nitaigusia tu. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wenye bahari ya kuzamia kule kisiwa kidogo cha Manda Toto. Kusi ikivuma, bahari ya nje huchafuka kwa mawimbi, mpitishe mikokoni. Masika baadhi ya hoteli hufunga. Mwezi wa Mfungo Sita mji hujaa watu wa Maulidi, nyumba nzuri zishikwe mapema, na anayetafuta ukimya mpeleke kijiji cha Kipungani. Ramadhani mwambie mgeni tangu simu ya kwanza jinsi mchana unavyokuwa, na umwalike futari.

Kila mgeni akiondoka, kaa siku hiyo hiyo uandike ulichokiona, sio alichokisifu. Daftari langu kuhusu yule bibi lina mistari minne: chai bila sukari; goti la kushoto, ngazi za Shela zinamuumiza; taa za usiku zipunguzwe; akirudi, chumba kinachopokea kaskazi, na mama wa mahamri aambiwe mapema. Aliporudi Februari iliyofuata, hakuniuliza ratiba.