Mwanangu, nunua jiliwa kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia watoto wamepona mafua na kwamba banda la nyuma umeshaliezeka.

Umeniuliza hivi: mizinga yenu kule Sikonge imeanza kutoa asali ya maana, mnachoka kukamua kwa mikono, nawe unataka kuunda mwenyewe mashine ya kukamulia hapo hapo nyumbani Tabora. Akiba uliyonayo inatosha kitu kimoja, je, iwe mashine ya kuchomelea au grenda? Jibu langu ni kwamba usinunue hata kimoja kati ya hivyo viwili. Nunua jiliwa, yaani vaisi ya kubania chuma mezani, nzito, yenye midomo ya milimita 100 au 125.

Najua vijana wenzako watakwambia mama yako kapitwa na wakati. Waache. Chuma kisiposhikwa barabara hakikatiki vizuri, hakitobolewi mahali pake, na ukikichomelea kinakaa upande. Mtu akianza na mashine ya kuchomelea anajifunza kufunika mapengo kwa moto. Akianza na jiliwa na tupa anajifunza kuviandaa vipande viwili mpaka vikutane bila pengo. Huyo wa pili akija kushika moto baadaye, kazi yake inapendeza tangu siku ya kwanza.

Ifunge kwa bolti zinazopenya mbao ya meza mpaka chini, si misumari. Mdomo wake wa nyuma, ule usiotembea, utokeze kidogo nje ya ukingo wa meza ili bomba refu liweze kusimama wima hadi sakafuni. Kimo ni kwenye kiwiko chako: simama wima, kunja mkono, juu ya midomo ya jiliwa pafike hapo. Meza ikiwa fupi mgongo utakuambia jioni.

Fedha ikibaki, chukua tupa tatu: bapa, ya nusu duara na ya mviringo, zote na mipini yake. Usitumie tupa isiyo na mpini hata kwa dakika moja, mkia wake unaingia kiganjani. Tupa hukata inapokwenda mbele tu. Ukiirudisha inyanyue, maana ukiiburuta unayaua meno. Ipake chaki kabla ya kuanza ili unga wa chuma usigande ndani yake, kwa kuwa chembe iliyoganda huchora mfereji kwenye uso uliouhangaikia. Kisha weka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya kazi yako, inua vyote usawa wa macho ukielekea dirishani. Mwanga ukipenya pembezoni, ujue mikono inayumba na katikati ndiko kumebaki juu. Piga tupa hapo katikati tu, pima tena.

Nikupe mfano wa hapa nyumbani. Geti la uani lilikuwa linakwaruza sakafu na jirani akashauri liongezwe kipande cha kuchomelea. Nilichomoa pini ya bawaba nikakuta shida yote iko pale: tundu la milimita 10 limeliwa upande mmoja, limekuwa kama yai. Nikaibana bawaba kwenye jiliwa, nikalipanua tundu hadi 12, nikakata pini mpya kwenye nondo laini ya mviringo, nikaisugua kidogo kidogo na kuijaribu, hadi ikaingia kwa kusukumwa na dole gumba bila kucheza. Nikachonga na kijifereji cha kuhifadhi gilisi. Geti linafungwa kwa kidole, na hakuna cheche iliyoruka.

Msumeno wa chuma unao. Hakikisha meno yanaelekea mbele. Bomba jembamba lataka meno 32 kwa inchi, chuma kinene 18.

Drili pia unayo, kwa hiyo kinachokosekana ni senta panchi ya kuwekea alama ili biti isitangetange. Hiyo usinunue. Tafuta kwa wauza vyuma chakavu kipande cha springi ya gari, kinyooshe kwenye moto, kichonge ncha, halafu kipashe kwenye mkaa unaopulizwa mpaka kiwe chekundu na sumaku ikatae kukishika. Hapo kimefika karibu nyuzi 770. Kiongeze moto kidogo tu, kisha kitumbukize kwenye mafuta ya kula na ukikoroge humo. Usitumie maji, springi hupasuka. Sasa kimekuwa kigumu mno na kitavunjika ukikigonga, kwa hiyo hujamaliza. Kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kipashe tena taratibu, safari hii katikati na si nchani, na utazame. Rangi zitaanza kutembea kuelekea ncha: manjano hafifu, kwenye nyuzi kama 220, halafu kahawia, halafu zambarau, na mwisho buluu karibu na 300. Kahawia inayogeukia zambarau ikifika nchani, zima, na safari hii maji yanafaa. Fanya kazi hii kivulini, juani hutaziona rangi. Mimi nimefua vyuma miaka mingi na bado huacha kila kitu kuzitazama zikipita. Kipande cha engo, kile chuma cha pembe, usikijaribu hivyo, kaboni yake ni ndogo, hakishiki ugumu.

Ukija kukata hesi, yaani meno ya skrubu, ndani ya tundu, tundu la tepu (kile chombo cha kuyakatia) ya milimita 8 litobolewe 6.8, la tepu ya milimita 10 ni 8.5. Zungusha mbele nusu mzunguko, rudi nyuma robo ili unyoya wa chuma ukatike. Oili ya kukatia ikikosekana, mawese yetu ya Kigoma yanafaa sana, ila yafute ukimaliza, yakikaa hunata.

Tuje kwenye asali yenyewe. Asali ina asidi. Ikigusa chuma cha kawaida inakila, nayo inabadilika ladha, na ikigusa bati au bomba lililopakwa zinki inayeyusha ile zinki na watu wakaila. Kwa hiyo kila inapopita asali pawe stenlesi. Nunua sufuria nene ya stenlesi, itoboe matundu ya milimita 3 ubavuni na chini, uiweke ndani ya sinia pana. Unapotoboa, drili iende polepole na uisukume kwa nguvu; biti ikisugua bila kukata, stenlesi inajikaza na hutaiweza tena. Fremu yake iwe ya chaneli, chuma chenye umbo la U, iliyoungwa kwa bolti za milimita 12 ili muifungue na kuiosha. Skrubu ya kugandamiza ipo tayari kwenye jeki kuukuu ya gari: ile ya kuzungusha kwa mkono, si ya mafuta. Ioshe gilisi kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji ya moto, halafu uipake mafuta ya kula. Umeona? Mashine yote uliyoitaka imekwisha bila kuchomelea popote.

Ukishamaliza kazi, paka vyombo vyote mafuta kabla ya kulala. Sisi huku na unyevu wa ziwa hatuna hiari, lakini nanyi mna masika. Meli yetu ya Ziwa Tanganyika, Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 walizipaka kwanza injini zake gilisi nzito. Ikanyanyuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na injini zile zile. Nawe unaacha tupa juu ya meza usiku mmoja!

Mashine ya kuchomelea utanunua mwakani, na siikatai. Siku hiyo nunua pamoja nayo kinyago chenye kioo namba 10 au 11, kwani miwani ya jua haitoshi, na macho yatawasha usiku kucha kama yamemwagiwa mchanga. Watoto wasiuangalie moto hata wakiwa mbali. Na usichomelee bomba la maji lenye zinki bila kuiondoa zinki yote pale pa kuchoma. Moshi wake huleta homa na kutetemeka jioni ile ile.

Ukipata jeki, pima kipenyo cha hesi yake na umbali kutoka jino hadi jino, unitumie vipimo hivyo. Nati ya aina hiyo ikikosekana Tabora, hapa Mwanga, Kigoma, kuna mkereza vyuma ninayemwamini, nitamkalia mwenyewe mpaka aimalize na nitakupakilia kwenye treni pamoja na mawese ya mkwe wangu.

Mama yako