Madumu mawili ya mchicha na simu moja kwa siku

Swali lenu la wiki hii linasema, mtu ukiwa umekwama kabisa, kitu gani kidogo kinakutoa kitandani? Mi jibu langu ni mchicha, msicheke kwanza.

Nilikuwa nauza mbegu na dawa za kilimo Soko Kuu la Kariakoo, na mnakumbuka liliungua usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021. Nilipigiwa simu nipo nyumbani Mbagala nakunja nguo, nikajua nataniwa, mpaka video zikaanza kumiminika WhatsApp. Mzigo wangu wote ulikuwa humo ndani, alafu nusu yake hata sio wangu, ni mali kauli, yaani nauza kwanza ndo nalipa, sasa hapo nalipa nini.

Wiki nzima nililala. Sio usingizi, nalala tu naangalia bati. Watu wema wakawa wananitumia zile klipu za wahamasishaji, amka upambane, sijui simba halali njaa, jamani kwa kweli mi zilinizidishia uchovu.

Sasa kwenye mkoba kulikuwa na pakiti moja ya mbegu za mchicha, niliibeba kumpelekea mteja hata hakutokea. Mwanangu wa mwisho akaitoa akaniuliza, mama hii tutupe? Nikamwambia hebu ilete. Nikachoma kisu kwenye jiko la mkaa nikakata madumu mawili ya lita 20 yaliyokuwa yamepasuka, nikayalaza ubavu, nikatoboa chini, udongo nikachanganya na mbolea ya kuku ya jirani, nikamwaga mbegu. Basi, siku hiyo sikufanya kingine chochote nikarudi kulala.

Ila mchicha hauna habari na msiba wako. Ulikuwa msimu wa kipupwe, mvua hakuna, usipomwagilia unakufa, kwa hiyo kila asubuhi lazima nitoke na maji ya kuoshea mchele, na ukishatoka nje ushatoka, utasalimiwa, utafagia kidogo, utaona jua. Siku ya tano nikakuta vijani vidogo vimebeba udongo kichwani. Nililia pale pale, sijui hata kwa nini, maana mbegu za mchicha nimeuza miaka na miaka lakini kuuotesha mwenyewe nilikuwa sijawahi.

Hapo ndo nikapata ujanja wa simu. Nilikuwa na daftari la watu wanaonidai, kumi na moja, na simu nilikuwa nimeizima kwa ajili yao. Nikajiwekea, nikimaliza kumwagilia nampigia mmoja, mmoja tu, alafu nazima tena. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Arusha ananiletea mbegu za nyanya. Mkono unatetemeka, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akanyamaza, akasema nilijua umekufa bwana, wenzako wote wameshanipigia. Deni hakusamehe, tusidanganyane, ila akanipa miezi sita na boksi moja la kuanzia. Wengine walinitukana, mmoja alinikatia simu. Lakini hata wa kukata, jina lake jioni nilikuwa naliwekea tiki, maana kazi yangu ilikuwa kupiga, sio kupendwa.

Wiki ya nne nikachuma mchicha, sikung'oa, nakata juu unachipua tena. Mafungu matatu, mia mbili mbili, 600. Nauli ya kwenda mjini tu hiyo, na nikaitumia hivyo hivyo, nikaenda kuulizia sehemu ya kuweka meza.

Saivi nina meza yangu, sio duka, na madeni yamebaki mawili. Dumu moja lilishaoza na jua, lingine limejaa matembele. Yule aliyenikatia simu bado sijampigia tena, jina lake lipo kwenye daftari, labda kesho nikishamwagilia.